Miguu imevimba, lakini figo msizisingizie

Wiki hii tena: mama wa Likoni, miguu imejaa hadi mapajani, tumbo limetanda, hawezi kuinama avae viatu. Alikuwa na dawa yake ya kutoa maji mwilini, furosemidi, na ikimsaidia. Kisha kipimo cha damu kikaonyesha kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, imepanda, akaambiwa dawa ile inamuua figo, aiache. Akaiacha, akajaa.

Hakuna aliyemtazama shingo. Mwegemeze mgonjwa nyuzi 45, angalia mshipa wa shingo upande wa kulia. Ukionekana umejaa zaidi ya sentimita 3 juu ya pembe ya kidari, lile tuta la sehemu ya juu ya mfupa wa kifua, presha upande wa kulia wa moyo iko juu. Upande huo una ukuta mwembamba. Kwa kawaida husukuma damu mapafuni kwa presha ya kama 25, ilhali wa kushoto husukuma kwa 120. Mapafu yakikaza unaelemewa, damu inakwama nyuma: miguuni, kwenye ini, matumboni. Na kwenye figo.

Figo huchuja kwa sababu damu huingia kwa presha kubwa na kutoka kwa presha ndogo. Vena, mshipa unaotoa damu kwenye figo, ikijaa, ile tofauti inapungua, mkojo unapungua, kreatinini inapanda. Chujio la tui ukilizamisha kwenye bakuli lililojaa halichuji vizuri, na chujio lenyewe ni zima. Kwa mgonjwa wa namna hii tunaongeza furosemidi, na mara nyingi kreatinini hushuka. Kumnyima dawa kwa kuzihurumia figo ni kuzizamisha zaidi.

Sisemi kreatinini ipuuzwe. Yuko aliyekaushwa kupita kiasi: kizunguzungu akisimama, ulimi mkavu, mshipa wa shingo umelala. Huyo apunguziwe. Wanaonikosesha usingizi ni wale wa katikati: shingo nene isiyoonyesha kitu, miguu nusu kavu, kreatinini inayopanda polepole. Vitabuni wagonjwa hawa hawana utata. Wodini tunabadili dozi, tunapima uzito kila asubuhi, tunarudia damu, na bado wenzangu wawili wazuri watamsoma mgonjwa mmoja kwa namna mbili.

Ugonjwa wa figo wenyewe upo, na una dalili zake: kope zinazovimba asubuhi, mkojo wa povu, protini nyingi kwenye kipimo. Na vifundo vikivimba kwa mtu wa presha, uliza kwanza kama anameza amlodipini, dawa ya presha inayoweza kuvimbisha vifundo.

Dhuluma nyingine ni ya ini. Mzee wa swala tano, hajawahi kuonja mnazi, tumbo linajaa maji na macho yanageuka manjano kidogo. Jamaa wanaanza kunong'onezana na hata mhudumu anamuuliza mara tatu anakunywa nini. Ini lake limejaa damu iliyokosa njia. Msimvunjie heshima kabla ya kumpima moyo kwa eko, picha ya mawimbi ya sauti.

Eko ndiyo inayoonyesha chanzo. Mara nyingi upande wa kushoto ndio ulioanza kushindwa. Wengine wana vali, yaani mlango wa moyo, iliyobana baada ya homa ya rumatiki ya utotoni, mapafu yenye makovu ya TB, donge la damu mapafuni, au miaka ya moshi wa kuni. Wapo pia ambao misuli ya moyo ni mizima ila ngozi inayouzunguka imekakamaa, TB ikiwa sababu mojawapo, na hao huenda wakahitaji upasuaji.

Mkiona vidonge havifanyi kazi tena, msiseme mwili umezoea. Matumbo yaliyovimba hunyonya furosemidi kwa shida. Mgonjwa anaweza kuhitaji sindano ya mshipani kwa siku chache.

Nyumbani, pimeni uzito kila asubuhi baada ya haja ndogo, mkauandike. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, njooni, msisubiri tarehe ya kliniki. Ng'onda na achari ziachwe, zina chumvi nyingi. Na goti likiuma, tafadhali msinunue diklofenaki dukani: inazuia chumvi na maji mwilini, inapunguza nguvu ya furosemidi, na hizo figo mnazoziogopea inaziumiza kweli.