Maelezo ya onyo: maana yake na haki zinazokwenda nayo

Katika Kiswahili cha kila siku, onyo ni maneno ya kumzuia mtu asirudie kosa. Mtoto huonywa, mfanyakazi hupewa barua ya onyo, mchezaji huonyeshwa kadi ya njano. Kwa sababu hiyo, mtu anayeketishwa mbele ya askari mpelelezi na kuambiwa kwamba anaonywa anaweza kudhani anatishwa, hali ya kuwa maneno hayo yamewekwa na sheria ili yamkinge yeye. Kutoelewa jambo hili dogo la lugha kumewaumiza watu wengi, na ndiyo sababu dhana hii inastahili kuelezwa kwa utulivu.

Maelezo ya onyo ni maandishi ya yale aliyoyasema mtuhumiwa kwa polisi akiwa chini ya ulinzi, baada ya kuelezwa kosa analotuhumiwa nalo na kujulishwa kwamba halazimiki kusema chochote. Kwa Tanzania Bara, namna ya kuyaandika imewekwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, Sura ya 20, na kupokelewa kwake kama ushahidi kunaongozwa na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Zanzibar ina sheria zake za mwenendo na za ushahidi, kwa hiyo yanayofuata hapa ni ya Bara.

Maelezo haya si sawa na maelezo ya shahidi, ingawa vituoni yote huitwa kwa neno moja. Mtu hupigiwa simu na kuambiwa "njoo utoe maelezo", naye huenda akiamini kuwa anaisaidia polisi kumpata mwizi, kumbe jina lake tayari limo katika orodha ya wanaoshukiwa. Swali la kwanza la kuuliza kwa heshima, kabla ya kalamu kugusa karatasi, ni hili: "Afande, naandika kama shahidi au kama mtuhumiwa?" Jibu la swali hilo hubadilisha kila kitu kinachofuata.

Ukiyasoma maelezo ya onyo yenyewe, utayakuta yanaanza kwa mtindo unaofanana karibu kila mahali. Ofisa hutaja jina na cheo chake, kisha humweleza mtuhumiwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, halafu humwambia kwamba halazimiki kusema neno lolote isipokuwa kwa hiari yake, na kwamba lolote atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Humwambia pia kuwa anaweza kutoa maelezo yake akiwepo wakili, ndugu au rafiki. Mtuhumiwa huulizwa kama ameelewa na kama yuko tayari, kisha hutia sahihi au dole gumba. Anacholazimika kukijibu ni jina lake na anwani yake tu.

Kukaa kimya, basi, ni haki kamili, wala si kiburi kwa askari. Najua jambo hili ni gumu kwetu, kwa kuwa tumelelewa kuamini kwamba asiyejibu mkubwa wake ana la kuficha. Sheria haimwangalii mtuhumiwa hivyo. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika kuwa anayo hatia, na ibara hiyohiyo inakataza kumtesa mtu, kumwadhibu kinyama au kumpa adhabu za kumtweza. Kumthibitishia kosa ni kazi ya upande wa mashtaka.

Lililo zito zaidi, na ambalo wengi hawalijui, ni muda. Sheria inaipa polisi saa nne za kumhoji mtu, zikihesabiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi kwa kosa hilo. Aliyekamatwa saa mbili asubuhi, muda wake wa mahojiano unakwisha saa sita mchana. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi, wala muda ambao mahojiano yamesimama kumsubiri wakili au ndugu yake, wala muda anaozungumza na wakili wake. Saa nne zikiwa hazikutosha, ofisa anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza muda usiozidi saa nane, na ni lazima mtuhumiwa ajulishwe. Ukihitajika zaidi ya hapo, hakimu ndiye anayeombwa, na aombwe kabla muda haujaisha. Kwa mfano wetu, nyongeza hiyo ya saa nane ingefika saa mbili usiku.

Watu huchanganya saa nne hizi na saa 24. Saa 24 zinahusu kumfikisha mahakamani mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamata, au kumwachia kwa dhamana pale kosa linaporuhusu. Saa nne zinahusu mahojiano. Mtu anaweza kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 na bado maelezo yake yakawa yameandikwa nje ya muda. Ndiyo maana sheria inataka maelezo yaonyeshe saa yalipoanza na saa yalipomalizika, na ndiyo maana ndugu walioshuhudia ukamataji hufanya vyema kuandika saa hiyo mahali fulani siku ileile. Mahakama ya Rufani imeyaondoa katika kumbukumbu za kesi maelezo mengi yaliyochukuliwa baada ya saa nne bila nyongeza halali. Hata hivyo, si kila kasoro huyaangusha moja kwa moja, kwa kuwa sheria inaiachia mahakama nafasi ya kupima uzito wa kasoro yenyewe na madhara yake kwa mshtakiwa.

Hiari nayo ina historia yake. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilipotungwa haikuruhusu ungamo, yaani maneno ya kukiri kosa, lililotolewa kwa polisi kutumika dhidi ya mshtakiwa; marekebisho ya mwaka 1980 ndiyo yaliyofungua mlango huo, kwa sharti kwamba ungamo liwe la hiari na kwamba anayethibitisha hiari hiyo ni upande wa mashtaka. Mlango ukishafunguliwa, ulinzi wa mlangoni unapaswa kuwa mkali. Kenya imechagua njia nyembamba zaidi: ungamo hutolewa mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo cha juu asiyepeleleza kesi hiyo, akiwepo mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kwa maoni yangu, uwepo wa mtu huyo wa tatu ungepunguza sana mabishano yanayojaza mahakama zetu.

Maana mabishano yapo. Mshtakiwa anaweza kusema hakuyatoa maelezo hayo kabisa, au akasema aliyatoa kwa kupigwa, kutishwa au kuahidiwa kuachiwa. Hapo Mahakama Kuu huendesha kesi ndogo ndani ya kesi, na mahakama za chini hufanya uchunguzi, ili kupima hiari kabla ya kuyapokea. Pingamizi hili lazima litolewe pale shahidi anapoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo. Likingoja hadi wakati wa utetezi, au hadi rufaa, huonekana kuwa limebuniwa baadaye. Aliyeumizwa aombe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mapema ili atibiwe na majeraha yaandikwe na daktari. Hata maelezo yaliyokanwa yakipokelewa, mahakama zetu bado hufuata tahadhari iliyowekwa katika shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda la mwaka 1967: kwa kawaida hutafutwa ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono, na kutiwa hatiani kwa maelezo hayo peke yake huja tu pale mahakama inaporidhika kikamilifu kwamba ni ya kweli.

Kwa mtoto, mzazi au mlezi anapaswa kujulishwa kwamba ameshikiliwa.

Kabla ya sahihi ya mwisho, mtuhumiwa ana haki ya kusomewa yote yaliyoandikwa, au kuyasoma mwenyewe, na kuulizwa kama anataka kusahihisha, kuongeza au kubadilisha lolote. Mwishoni mwa maelezo huwapo uthibitisho kwamba amesomewa na kwamba maelezo ni sahihi. Asiyejua kusoma asiweke dole gumba kwa kuharakishwa; aombe kusomewa polepole, na neno ambalo hakulisema alitaje lirekebishwe palepale. Karatasi hiyo, ikishapokelewa mahakamani, lazima isomwe kwa sauti mbele ya mshtakiwa, na mara nyingi hapo ndipo anaposikia kwa mara ya kwanza maneno aliyoyawekea dole gumba miaka kadhaa iliyopita.