Alaska 1956: katiba ilipita, jimbo bado

Nikifundisha sheria ya katiba, swali hili hurudi kila mara: je, wananchi wanaweza kupitisha katiba ya jimbo ambalo halipo? Alaska, wakiwa bado eneo tu chini ya Marekani, si jimbo, walifanya hivyo Aprili 24, 1956. Wakati huo gavana wao aliteuliwa na rais wa Marekani, na mwakilishi wao katika Bunge la Washington aliruhusiwa kusema tu, si kupiga kura.

Rasimu iliandikwa na wajumbe 55 katika Chuo Kikuu cha Alaska, karibu na Fairbanks, chini ya mwenyekiti wao William Egan. Bunge la Marekani halikuwa limewapa ruhusa, walijipangia wenyewe. Katiba ikapata kura 17,447 za ndiyo dhidi ya 7,180.

Lakini siku hiyo waliulizwa mambo mengine mawili. Moja lilikuwa Mpango wa Tennessee: wachague maseneta wawili na mbunge mmoja, wawatume Washington wadai viti kana kwamba jimbo tayari lipo, kama Tennessee ilivyofanya 1796. Wengi waliukubali, ingawa haukuungwa mkono kama katiba yenyewe.

Jingine ndilo ninalolipenda zaidi: kupiga marufuku mitego ya samoni. Ilikuwa mitego mikubwa ya kudumu, kama nyando za pwani yetu lakini ya kiwanda, na mingi ilimilikiwa na kampuni za kusindika samaki wa makopo za nje ya Alaska. Mvuvi mwenye mashua yake aliona samaki wakipungua huku sheria za uvuvi zikitungwa na serikali kuu, mbali naye. Pendekezo hilo liliishinda hata katiba kwa wingi wa kura. Kwa maoni yangu waliojua siasa waliliweka hapo makusudi: aliyechoshwa na vifungu vya mahakama na bajeti alikuwa na sababu ya kutoka nyumbani.

Kisheria, siku iliyofuata hakuna kilichobadilika. Katiba ingeanza kufanya kazi Alaska ikishakuwa jimbo. Oktoba 1956 Egan na Ernest Gruening walichaguliwa maseneta, Ralph Rivers mbunge. Washington haikuwapa viti, wakabaki wakishawishi wabunge. Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kuifanya Alaska jimbo Julai 7, 1958, wananchi wakapiga kura tena Agosti kukubali masharti, na Januari 3, 1959 katiba ikaanza kutumika, Egan akiwa gavana. Usimamizi wa samaki ulikabidhiwa jimbo mwaka mmoja baadaye, Januari 1, 1960.