Je, Wajua? Kwa Nini Tambi za Lanzhou Huvutwa Kama Uzi Bila Kukatika

Karibu kila mji mkubwa wa China una mgahawa mdogo wa mtaani wenye bango la tambi za mji wa Lanzhou, mara nyingi na alama ya "halali" pembeni. Meza ni za kawaida, juu yake siki na pilipili. Jikoni, kijana anashika donge la unga ncha zote mbili, analivuta mpaka mikono inyooke, analikunja, anavuta tena. Kila mkunjo unazidisha nyuzi mara mbili: mikunjo 7 inatoa nyuzi 128, wa 8 unafikisha 256. Jaribu hivyo na unga wako wa chapati uone utakavyokatika mapema. Wa kwake una nini?

Kwanza, ngano yenyewe. Ikikutana na maji na kukandwa, protini zake hushikana zikawa gluteni, wavu unaovutika. Ndiyo maana unga wa mahindi hauwezi kazi hii hata ukandwe mchana kutwa. Lakini gluteni ina tabia ya kurudi nyuma: ukiivuta, inajikunja. Kwa hiyo mpishi hukanda sana, kisha huacha donge lipumzike kabla ya kulivuta. Wanaosukuma chapati wanalijua hili.

Siri kubwa zaidi iko kwenye majivu. Lanzhou ni makao makuu ya jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, eneo kavu lenye mimea ya jangwani. Mimea hiyo ilichomwa, majivu yake yakaitwa penghui, nayo yaliyeyushwa kwenye maji na kuchanganywa na unga. Kwa lugha yetu, hayo ni magadi. Mama wa magharibi mwa Kenya anayechuja munyu kutoka kwenye majivu ili alainishe mboga ana ujuzi wa ukoo mmoja na mpishi wa Lanzhou, ingawa hawajawahi kuonana, na mimi hilo hunifurahisha kuliko jambo lolote katika habari hii. Kwenye mboga magadi hulainisha; kwenye unga wa ngano hubadilisha jinsi protini zinavyoshikana, donge likavutika mbali na tambi zikabaki ngumu kidogo kwenye meno. Pia huamsha rangi ya asili iliyojificha ndani ya unga, tambi zikawa na umanjano hata bila yai. Siku hizi wapishi wengi hutumia poda ya kiwandani yenye kazi hiyo hiyo badala ya majivu.

Umanjano huo ni miongoni mwa alama tano ambazo watu wa Lanzhou hupimia bakuli: mchuzi wa ng'ombe uwe mwangavu, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, giligilani na majani ya kitunguu saumu yawe ya kijani, tambi ziwe za manjano. Anayetajwa sana kwa kuupa umaarufu mlo huu ni Ma Baozi, Mwislamu wa kabila la Hui, mwaka 1915. Migahawa mingi nje ya Lanzhou inaendeshwa na Waislamu wa wilaya ya Hualong, jimbo jirani la Qinghai. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh aliyefuata mzigo Guangzhou, bango lile humwondolea wasiwasi wa nyama.

Lanzhou kwenyewe huu ni mlo wa asubuhi. Unalipa kwanza, unapeleka risiti dirishani, unataja unene: nyembamba kama unywele, bapa kama jani, au pana kama mkanda. Mpishi anavuta za kwako hapo hapo na kuzitupa kwenye maji yanayochemka. Bakuli likifika, usilipoze kwa mazungumzo, maana tambi zikikaa kwenye mchuzi huvimba na kulegea, na ule ugumu uliotafutwa kwa magadi na mikono unapotea.