Kezilahabi hakuwa wa riwaya tu

Watu wengi ukiwatajia mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi wanakuambia riwaya yake Rosa Mistika basi, mashairi wanadhani alijaribu tu pembeni. Sio kweli jamani! Kichomi, kitabu chake cha mashairi, ilitoka 1974, miaka 3 tu baada ya Rosa Mistika, halafu ikaja Karibu Ndani 1988 na Dhifa 2008, sasa hiyo si kazi ya maisha?

Na wale wanaosema sio mashairi eti hayana vina (silabi za mwisho zinazofanana), hapana. Tarbia ya kimapokeo (shairi la mishororo minne kila ubeti) mshororo una mizani, yaani silabi, 16, nane kwa nane, yeye akauvunja makusudi, mshororo unakatika pale wazo linapotaka pumzi, tena kwa lugha ya kawaida tunayoongea kila siku, na kwenye dibaji ya Kichomi kajieleza mwenyewe. Mimi naona kwenye mashairi ndimo alimokuwa huru zaidi.