Taamuli, Budha na vidonge vyako vya presha: maswali ninayoulizwa kliniki

Ninafanya kazi kliniki ya presha na kisukari. Siku hizi wiki haiishi kabla mgonjwa hajakaa mbele yangu na kuniambia ameacha vidonge kwa sababu ameanza "kutuliza akili". Ametumiwa sauti kwenye kundi la WhatsApp, au ameangalia video ya mtu anayemtaja Budha, anayetaja Dao, anayefundisha namna ya kuvuta pumzi. Mafunzo yenyewe yana mambo mazuri na nitayaeleza. Lakini kilichonifanya niandike ni hicho kimoja: watu wanaacha dawa.

Taamuli ni nini? Na huo umakinifu?

Taamuli, au meditesheni kama wengi wanavyoiita, ni kukaa ukaielekeza akili mahali pamoja, mara nyingi kwenye pumzi, na kuirudisha kila inapotoroka. Umakinifu ni tabia hiyo hiyo ukiibeba katika shughuli za mchana: unaosha vyombo na unajua kwamba unaosha vyombo, hujahamia kwenye kodi ya mwezi ujao. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, neno lake ni sati, na asili yake ni kukumbuka. Akili husahau iko wapi, nawe unaikumbusha.

Budha na Dao ni kitu kimoja?

Hapana. Siddhartha Gautama, aliyeitwa Budha, aliishi maeneo ya India ya kaskazini na Nepali ya leo, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Alifundisha kwamba mateso yana chanzo, na chanzo hicho ni kiu ya kung'ang'ania mambo yawe tunavyotaka. Udao ni wa China. Dao maana yake njia, na mwalimu wake anayetajwa kwanza ni Laozi. Mafundisho haya mawili yalikutana China, na humo ukakua mkondo wa Chan, ambao Japani wanauita Zen. Kwetu Ubudha si mgeni kabisa, kwani Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka tangu enzi za ukoloni.

Je, kiafya inasaidia kweli?

Inasaidia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya umakinifu ya wiki 8 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa ambao madaktari wao waliwapeleka kwake, wengi wakiwa na maumivu sugu. Uingereza, miongozo ya tiba inayapendekeza mafunzo ya aina hiyo kwa watu ambao sonona imewarudia mara kadhaa, ili isiwarudie tena. Kuhusu moyo, mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti kikasema taamuli inaweza kuongezwa kwenye matibabu ya kawaida. Lisome neno hilo mara ya pili: kuongezwa.

Budha ana mfano wa mishale miwili ambao mimi huutumia sana pale kliniki. Mtu amechomwa mshale, anaumia. Kisha anajichoma wa pili kwa mawazo: kwa nini mimi, nimekwisha, watoto wangu watabaki na nani. Mgonjwa anayeambiwa leo ana kisukari hubeba mishale yote miwili. Wa pili ndio unaomkosesha usingizi saa nane usiku, na huo taamuli inaupunguza makali. Wa kwanza ni sukari yenyewe. Huo unataka dawa, chakula na mazoezi.

Basi nikizoea kutulia, naweza kuacha dawa za presha?

Hapana.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja akiwa amechelewa kliniki miezi miwili. Alikaa vizuri, mgongo wima, uso mkunjufu. Akaniambia, "Mwanangu, siku hizi nimetulia, hata wajukuu hawanikasirishi." Nikamfunga mkanda wa mashine: 196 kwa 118. Nikapima mkono wa pili, nikasubiri, nikarudia. Ile ile. Nikamwomba vidonge. Akafungua mkoba, akatoa karatasi mbili za dawa zilizofungwa kwa mpira wa nywele. Hakuna hata tundu moja lililopasuliwa. Alikuwa amezihifadhi vizuri kabisa, kama vyeti.

Nilimwamini aliposema ametulia. Alikuwa ametulia kweli. Lakini presha si hasira na si mawazo, hata kama mitaani tunasema "usinipandishe presha". Ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa. Mishipa iliyokakamaa, figo zinazobakiza chumvi, umri, uzito na urithi wa familia havijui kama umesamehe jirani yako. Hofu na hasira huipandisha kwa muda, na utulivu huishusha kidogo. Huko kidogo ni kuzuri, ila hakumtoi mtu kwenye 196 na kumfikisha chini ya 140.

Lakini kichwa hakiniumi tena, na nalala vizuri.

Nafurahi. Meza dawa.

Presha kubwa kwa watu wengi haina dalili yoyote. Haiumi kichwa, haizungushi macho, haikoseshi usingizi. Inaharibu figo, moyo na macho kimya kimya, na wengi dalili yao ya kwanza ni kiharusi. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni mashine. Na ukipimwa ikaonekana 130 kwa 80 wakati unameza dawa, maana yake dawa inafanya kazi. Watu wengi sana huacha hapo hapo kwenye namba nzuri, kisha wanarudi kwetu wamebebwa.

Budha mwenyewe si alitumia pumzi tu, bila dawa?

Si kweli, na hili naomba ulisambaze kwenye kundi lile lile ulikolisikia.

Budha alikuwa na tabibu. Jina lake Jivaka, mganga wa mfalme Bimbisara kule Rajagaha, mji wa India ya kale, na habari zake zimo katika maandiko ya kanuni za watawa. Mwili ulipomsumbua, Budha alitaka dawa ya kuharisha, Jivaka akamtengenezea, naye akaitumia. Katika mahitaji manne ambayo mtawa anaruhusiwa kuyapokea, pamoja na nguo, chakula na malazi, la nne ni dawa za ugonjwa. Maandiko hayo yanasimulia pia kwamba Budha alimkuta mtawa mwenye ugonjwa wa kuhara amelala kwenye uchafu wake, wenzake wamemtelekeza. Yeye na Ananda, mtawa aliyekuwa msaidizi wake, walimwosha kwa mikono yao, wakamlaza kitandani. Kisha akawaambia watawa wengine kwamba anayetaka kumhudumia yeye, na amhudumie mgonjwa. Hakumwambia yule mtu avute pumzi.

Kuna na mfano wake mwingine, wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu. Ndugu wanamletea mganga. Yeye anakataa mshale usitolewe mpaka ajue aliyeupiga ni wa ukoo gani, mrefu au mfupi, upinde ni wa mti gani, manyoya ni ya ndege gani. Budha alisema mtu huyo atakufa kabla hajajibiwa. Mfano huo aliutoa kwa ajili ya mtawa mmoja aliyekuwa akimbana kwa maswali ya kama ulimwengu una mwisho, lakini nikiusoma nawaona wagonjwa wangu: wanaotaka kwanza kusikiliza video kumi, kumuuliza shemeji, kujaribu majani, ndipo waje.

Na wu wei? Si kuuacha mwili ujiponye?

Wu wei ni fundisho la Udao, na maana yake ni kutenda bila kulazimisha. Kutotenda ni jambo jingine. Zhuangzi, mwalimu mwingine wa Udao, ana kisa cha mpishi anayekatakata ng'ombe aliyechinjwa kwa kisu alichokitumia miaka 19 na bado kina makali, kwa sababu hapigi mfupa, anapitisha kisu palipo na nafasi. Lakini akifika kwenye kiungo kigumu hufanya nini? Hupunguza mwendo, hukaza macho, husogeza kisu taratibu sana. Huyo ni mtu aliye macho kuliko wote, na hajaacha kazi ijifanye.

Laozi naye anafundisha kwamba jambo lishughulikiwe kabla halijatokea, wakati bado ni dogo. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kidonge kimoja cha asubuhi ndicho kuziba ufa. Kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa sababu figo zimekufa, ndio ukuta. Nawaona wanaoujenga, na ukuta huo hauishi.

Kifua kikibana, nikae chini nivute pumzi kwanza?

Hapana. Nenda hospitali.

Maumivu au uzito kifuani, unaosambaa mkono, shingo au taya, pamoja na jasho la baridi au pumzi kukata: nenda sasa hivi. Uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito ghafla: nenda sasa hivi, hata kama imepita baada ya dakika kumi. Kiharusi kilichotokana na damu iliyoganda kina dawa ya kuiyeyusha pale inapopatikana, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Muda huo unahesabu pia ule uliokaa ukijituliza, ule uliosubiri kupambazuke, na ule mliobishana nani ana hela ya bodaboda. Na tafadhali, mgonjwa huyo asiendeshe gari mwenyewe.

Mara nyingi familia huniambia, "Alisema apumzike kwanza." Sitaki kulisikia tena neno hilo. Pumzi utavuta ukiwa njiani.

Natumia dawa za sonona. Taamuli imenisaidia. Niache?

Usiache peke yako, na usiache ghafla. Dawa hizi zikikatwa kwa mkupuo zinaweza kukuletea kizunguzungu, kukosa usingizi, wasiwasi mkali, na ugonjwa kurudi. Zikitakiwa kupungua, daktari wako atazipunguza kidogo kidogo. Na ikiwa umewahi kusikia sauti wasizosikia wengine, au una jambo zito la zamani linalokurudia kwa kishindo ukifumba macho, usijifungie kwenye taamuli ya saa nyingi bila wanaokuhudumia kujua. Kwa baadhi ya watu kukaa kimya muda mrefu huzidisha hali. Ukiona inazidi, fumbua macho, simama, tembea, zungumza na mtu.

Na insulini?

Usiruke hata dozi moja kwa sababu hiyo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, siku chache zinatosha kumuua.

Mimi ni Mwislamu, mwingine ni Mkristo. Je, nitakuwa nimebadili dini?

Kuangalia pumzi yako si ibada, na mafunzo yanayotolewa hospitalini hayana sala wala sanamu. Kama moyo wako una shaka, muulize sheikh au mchungaji wako, nami nitauheshimu uamuzi wako. Ila usiache sala zako kwa sababu ya video, na usiache dawa zangu kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nifanye nini hasa, kila siku?

Anza na kidonge. Nasema kwa dhati. Asubuhi, saa ile ile, kaa kwenye kiti, simu iwe mbali. Shika glasi ya maji uhisi ubaridi wake. Angalia kidonge kilivyo. Kiweke ulimini, kunywa, uhisi kinavyoshuka. Vuta pumzi tano za kawaida bila kuzilazimisha, uzihesabu zikitoka. Ukijikuta uko sokoni kimawazo, rudi kwenye moja. Dakika tano zinatosha. Mtu anayefanya hivi hasahau kama amemeza au bado, na kusahau ndilo tatizo namba mbili hapa kwangu.

Ukija kupimwa, benchi letu la kusubiria ni mahali pazuri pa mazoezi. Kabla ya kipimo unatakiwa ukae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo mbili sakafuni, miguu haijapishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo, kibofu hakijajaa. Wengi wanaingia wakihema, wanaongea na simu huku mkanda unajaa upepo, kisha wanashangaa namba.

Kwenye chakula, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, utafune, umeze, ndipo ukiinue. Mwenye kisukari akila hivi hugundua ameshiba sahani ikiwa na ugali bado. Sina la kuongeza hapo zaidi ya kusema chumvi ya mezani iondoke mezani.

Niliacha dawa miezi mitatu iliyopita. Naogopa kurudi, mtanigombeza.

Hatutakugombeza. Njoo kesho, usingoje tarehe ya kadi. Usianze kumeza vidonge viwili viwili ili kufidia ulivyoviacha, maana presha ikishuka kwa kasi nayo ina hatari yake. Njoo na kadi, njoo na vidonge vyote vilivyobaki, hata vile ulivyovificha chini ya nguo kabatini, na chochote kingine unachotumia, kiwe cha duka au cha majani. Tutapima mikono yote miwili, tutaangalia mkojo na figo, ndipo tutaamua dozi. Kama unapenda kuvuta pumzi zako wakati tunasubiri majibu ya maabara, nitakuachia kiti cha dirishani.