Utepe wa rangi hauushikilii msuli

Kila mbio za Kilimanjaro Marathon zinapokaribia, barabara za Moshi hujaa wakimbiaji waliojibandika utepe wa rangi gotini, na wengi wao huamini kwamba utepe huo huushikilia msuli ulioumia hadi upone. Sivyo. Utepe huo, uliobuniwa na Kenzo Kase wa Japani katika miaka ya 1970, ni kitambaa cha pamba chenye nyuzi zinazovutika karibu kama ngozi yenyewe, kwa hiyo hauwezi kuzuia kifundo cha mguu kisiteguke mtu anapokanyaga shimo akiteremka kutoka kijiji cha Mweka; kazi hiyo ni ya plasta ngumu isiyovutika. Tafiti zilizoulinganisha na utepe wa kiigizo, yaani uliobandikwa bila kuvutwa, ziliona nafuu ndogo ya maumivu, tena ya muda mfupi, na nyingine hazikuona tofauti yoyote. Rangi nayo ni pambo tu.

Kinachourudishia msuli nguvu ni mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, ingawa utepe waweza kumpa majeruhi ujasiri wa kuyaanza. Anayeutumia asiubandike juu ya kidonda wala kwenye ngozi iliyopakwa mafuta, na akiona vipele aubandue taratibu kwa kufuata uelekeo wa vinyweleo.