Kovu la BCG halikukukinga na UVIKO-19

Bado nasikia, tena kutoka kwa wahudumu wa afya: "Sisi tulichanjwa BCG utotoni, ndiyo maana korona haikututesa." Hapana. BCG ni chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu.

Dai hilo lilishika Machi 2020. Watu walizipanga nchi zinazochanja BCG watoto wote upande huu, zisizochanja upande ule, wakahesabu vifo. Ukiweka Italia na Tanzania kwenye mizani hiyo, umepima wazee dhidi ya vijana, na wanaopima sana dhidi ya wanaopima kidogo. Chanjo hujaigusa. Inaniudhi kwamba bado tunarudishwa hapo hapo.

Linganisha watu wa nchi moja, wenye umri unaokaribiana. Israeli iliacha kuchanja watoto wote mwaka 1982. Kati ya waliopimwa kwa dalili, waliozaliwa 1979 hadi 1981 walikutwa na virusi kwa asilimia 11.7, waliozaliwa 1983 hadi 1985, asilimia 10.4. Kovu halikuzuia maambukizi. Kuhusu ukali wa ugonjwa, nakiri takwimu hizo hazitoshi: kila kundi lilikuwa na mgonjwa mahututi mmoja tu, na hakuna aliyekufa.

Je, dozi mpya ukubwani? Jaribio la BRACE, lililochapishwa 2023, liliandikisha wahudumu wa afya 3,988 katika nchi tano. Baada ya miezi 6, waliougua kwa dalili walikuwa asilimia 14.7 kwa waliochomwa BCG na 12.3 kwa waliochomwa maji ya chumvi (sindano isiyo na chanjo, ya kulinganishia), tofauti isiyothibitisha lolote.

Lakini sisemi BCG ni ya kifua kikuu peke yake. Huko Nijmegen, Uholanzi, ilionekana kwamba inaziamsha monositi (aina ya seli nyeupe za damu) zipambane na vimelea vingine pia, na jaribio dogo la wazee Ugiriki lilileta matumaini. Hilo linanizuia kufunga mjadala. Ila athari hiyo imepimwa kwa miezi, nawe unanionyesha kovu la miaka 30!

Na tafadhali, usimchome mtu mzima BCG kwa ajili ya korona. Ni chanjo hai, hatari kwa mwenye kinga dhaifu. Mtoto mchanga hupewa mililita 0.05 ndani ya ngozi (ukizamisha sindano chini zaidi, utaleta jipu na tezi za kwapa kuvimba), na inamkinga na kifua kikuu cha utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Mtu mzima humaliza 0.1, sehemu ya watoto wawili, na kichupa kikishachanganywa, kilichobaki hutupwa baada ya saa 6.